Sakuraba namba 7? Waliotengeneza hii orodha watuombe radhi

Wakuu, nimejaribu kulipotezea hili tangu jana nimeshindwa. Kuna page moja ya michezo (siitaji, wasije wakapata wafuasi wa bure) imeweka orodha ya wapiganaji kumi bora wa Kijapani wa muda wote kwenye MMA (mapigano mchanganyiko: ngumi, mateke na mieleka). Kazushi Sakuraba yupo namba 7. Saba! Sababu yao? Eti kapoteza mapambano 17.

Hivi hawa watoto wamezaliwa lini?

Mwishoni mwa miaka ya 90 ukoo wa Gracie kutoka Brazil ulikuwa haugusiki. Oktoba 1997 Rickson Gracie alimkunja mkono Nobuhiko Takada pale Tokyo Dome, Wajapani wakarudi makwao vichwa chini. Ndipo akaibuka Sakuraba, mwanafunzi wa huyo huyo Takada, katokea kwenye mieleka ya maonyesho. Novemba 1999 akamkunja Royler Gracie mkono mpaka mwamuzi akasimamisha pambano. Ukoo ukaja juu. Wakamleta Royce, yule aliyebeba UFC (shindano kubwa la MMA la Marekani) ya kwanza kabisa mwaka 1993, na masharti yao mkononi: raundi za dakika 15, idadi yake haina kikomo, na mwamuzi asisimamishe pambano.

Mimi lile pambano nililiona kibanda umiza, CD ya kuchoma, mtangazaji Mjapani ambaye hatukumwelewa hata neno moja. Ilikuwa ya kupotezea muda tu, tulikuwa tumelipia mpira unaofuata. Raundi ya kwanza ikaisha, ya pili, ya tatu. Mwenye banda anaangalia saa, watu wa mpira wanajazana mlangoni. Sakuraba kashika suruali ya kimono ya Royce anaivuta kama mama anayemvua mtoto soksi, banda zima tumekufa kwa kicheko. Halafu mateke ya mguu, teke, teke, mpaka Royce kukanyaga chini ikawa shida. Baada ya raundi ya sita kona yake ikarusha taulo. Dakika 90. Mwenye banda akasimama mbele ya TV akasema hiyo ndiyo ilikuwa mechi yenu, anayetaka mpira alipe tena.

Na usiku huo huo, tarehe 1 Mei 2000, Sakuraba alirudi ulingoni kupigana na Igor Vovchanchyn, mtu aliyemzidi kilo kibao. Akaenda naye dakika 15 nyingine ndipo kona yake ikasema basi. Hilo nalo limo kwenye zile 17, page yenu imelihesabu! Agosti akamvunja Renzo mkono kwa mkunjo ule ule. Desemba akampiga Ryan. Gracie wanne ndani ya miezi 13.

Vipigo vyake vingi ni kwa sababu Wajapani walikuwa wanamtupia yeyote. Wanderlei Silva mara tatu. Mirko Cro Cop mwaka 2002, jamaa wa uzito wa juu kabisa, Sakuraba akatoka na mfupa wa jicho umeumia. Mtu wa kilo themanini na kitu! Leo bondia akizidiwa kilo mbili kwenye mizani tunaandika uzi kurasa kumi.

Tatizo la hii page ni moja tu, kila kitu wanapima kwa UFC. Takanori Gomi wamemweka namba 9 kwa sababu UFC alishinda 4 akapoteza 9. Sawa, lakini Gomi aliingia UFC 2010 keshachoka. Gomi wa PRIDE, lile shindano la Kijapani, ndiye alimzima Ralph Gracie kwa sekunde 6, na 31 Desemba 2005 akampiga Hayato Sakurai KO akabeba ubingwa. Kid Yamamoto hawajamweka kabisa, maana UFC hakushinda hata moja. Yule aliyemzima Kazuyuki Miyata kwa goti la kuruka ndani ya sekunde 4! Marehemu aliondoka 2018 kwa kansa akiwa na miaka 41, mnamfuta hivi hivi?

Kyoji Horiguchi kuwa namba 1 sigombani sana. Mtu aliyeshika mkanda wa RIZIN ya Japani na wa Bellator ya Marekani kwa wakati mmoja 2019 anastahili mbili bora. Mimi ningemweka wa pili, ila hapo tunaweza kubishana kistaarabu.

Kilichonichefua kabisa ni Megumi Fujii. Hayupo. Dada alianza na ushindi 22 mfululizo, hakufungwa mpaka 2010, tena kwa waamuzi waliogawanyika. Komenti moja ikajibu eti hakupigana UFC. UFC ilifungua mlango kwa wanawake Februari 2013, na Fujii alistaafu mwaka huo huo! Angepiganaje, apite dirishani?

Nimewaandikia haya yote kule chini ya post yao. Wakafuta. Nikaandika tena, kwa heshima kabisa, wakafuta na hiyo. Ya tatu nimeituma sasa hivi, na screenshot ninayo.