Tupeane uzoefu: Kuhamia na familia kwenye pori tupu, Mwanza na kandokando ya ziwa

Jirani wa Busisi
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaohamishia familia kwenye shamba ghafi: nyumba hakuna, bomba hakuna, nguzo ya umeme iko kijiji cha pili. Iwe Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa au Ukerewe. Tupeane vipimo na mpangilio, kipi kitangulie. "Mungu atasaidia" tunaijua, leteni namba.

Naanza na ununuzi. Ekari ya huku hupimwa hatua 70 kwa 70, na miguu ni ya muuzaji. Ekari kamili ni meta za mraba 4,047, yaani karibu meta 64 kwa 64. Nenda na futi kamba yako. Ardhi ya kijiji haimalizwi na mwenyekiti wa kitongoji chini ya mwembe. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia, kwa hiyo dai nakala ya muhtasari wenye mhuri, na majirani wa pande zote wasaini mpaka. Kwa upande wa ziwani, sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka majini. Hata bila sheria, mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu. Usijenge hapo kwa sababu ya upepo mzuri.

Fundi Mawe
Kabla ya ramani, soma udongo. Shamba moja la huku linaweza kuwa na udongo wa aina tatu: juu karibu na mawe ni luseni, kichanga, kwenye mteremko unakuta itogoro, tabaka gumu lisilopitisha maji, bondeni ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Nyumba ikae juu. Mbuga ikinywa maji inavimba, kiangazi inapasuka nyufa za kuingiza mkono, na ukuta unafuata huko huko.

Kwa nyumba ya kawaida, mtaro wa msingi uwe sentimeta 60 upana, kina 60 au zaidi mpaka ukute pagumu. Chini mwaga zege la sentimeta 15, saruji moja, mchanga tatu, kokoto sita. Juu yake panga mawe. Mwanza mawe si ya kutafuta. Msingi utokeze juu ya ardhi angalau sentimeta 45. Kama kuna kichuguu kiwanjani, dawa ya mchwa inyunyizwe kwenye mtaro na kwenye kifusi kabla ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, kwa sababu baadaye huwezi kuifikisha chini.

Tofali za kuchoma ziloweke kwanza. Likiwa kavu, tofali linanyonya maji ya udongo wa saruji, udongo unakauka kabla ya kushika, na ukuta unaachia kwenye viungo. Misumari ya bati ipige kwenye mgongo wa wimbi, kamwe si bondeni ambako maji hupita. Kenchi zifungwe ukutani kwa waya mnene uliopitishwa chini ya kozi tatu za mwisho. Dhoruba za ziwani hunyanyua paa zima, si bati moja.

Mama Ndoo
Watu wanaanza na nyumba, maji yanafuata. Geuzeni. Jengeni kibanda chenye paa zuri la meta za mraba 40, lipate gata na tangi, nyumba kubwa ije baadaye.

Hesabu hii hapa. Milimita 1 ya mvua kwenye meta 1 ya mraba ni lita 1. Paa la 40, ukitoa asilimia 20 ya upotevu, linakupa lita 32 kwa kila milimita. Simtanki la lita 5,000 linajazwa na milimita 156. Watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja, tangi linakauka siku ya 42. Lakini likiwa la kunywa na kupikia tu, lita 5 kwa mtu, linafika siku 166, yaani linavuka kiangazi chote. Kufua, kuoga na mifugo vitafutiwe kisima au lambo. Tangi mkilichanganyia kazi zote, Agosti mtakuwa barabarani na madumu.

Gata ishuke sentimeta 1 kila meta. Lita 20 za kwanza za kila mvua zimwagwe, zinabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Mdomo wa tangi uwe na wavu wa mbu. Likijaa lina uzito wa tani 5, kwa hiyo likae kwenye jukwaa la mawe lililojazwa kifusi, kushindiliwa na kusawazishwa kwa zege, kimo cha kutosha ndoo kuingia chini ya koki. Ukilikalisha juu ya tofali nne za pembeni, kitako kinapinda na kupasuka.

Kijana wa Magu
Nakazia kwa Mama Ndoo, ila kisima kichimbwe Septemba au Oktoba kabla ya vuli, maji yakiwa yameshuka. Kisima cha Aprili hutoa maji kwa majigambo, halafu Agosti ni tope. Choo kiwe meta 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko. Kwenye luseni shimo la choo lijengewe kwa mawe, la sivyo linajifukia. Na msiteremshe pampu ya petroli ndani ya kisima! Moshi wake hukaa humo humo, anayeshuka hapandi.

Muuguzi Mstaafu
Maji ya ziwa yana kichocho. Mdudu anapenya ngozi unapokanyaga majini, hasa kuanzia asubuhi ya saa nne hadi alasiri. Simameni kwenye jiwe, tupeni ndoo kwa kamba. Maji ya kuogea yakikaa siku mbili kwenye chombo, vijidudu vya kichocho huwa vimekufa. Ya kunywa yachemsheni vilevile, kipindupindu hakingoji siku mbili.

Mzee wa Majaluba
Msimu wa kwanza msing'oe visiki vya shamba zima, mtachoka kabla ya kupanda. Ekari moja ya mihogo, meta 1 kwa 1, ni mashimo kama 4,000. Mbegu safi ulizieni TARI Ukiriguru. Ukichukua pingili kwa jirani bila kukagua, unahamisha magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Viazi vitamu vipandwe kwenye matuta, vikatwe michembe vikaushwe. Mbugani jengeni majaluba ya mpunga, yaani vipande vyenye kingo za kushika maji, na ukitoka mpunga pandeni dengu, unyevu uliobaki unazitosha.

Kabla ya mahindi, angalieni shamba la jirani kama lina kiduha, kale kajani kenye maua ya waridi. Kang'olewe kabla ya kuchanua. Pamba inasaidia hapo: inaamsha mbegu za kiduha lakini hazipati mahindi ya kunyonya, zinakufa.

Jirani wa Busisi
Mzee, na ng'ombe? Baada ya mavuno huku wanaachiwa popote.

Mzee wa Majaluba
Ndiyo, mabua ni malisho ya wote, usigombane. Mihogo, inayokaa shambani mwaka mzima, iwe karibu na nyumba ndani ya uzio wa minyaa, pingili zipandwe kila sentimeta 30. Mkikata funikeni macho, utomvu wake unaweza kupofusha. Na jitambulisheni kwa sungusungu wiki ile ile mnayofika, kabla ya mambo kuharibika.

Fundi Mawe
Kwa miezi basi: Juni na Julai choo, msingi na kibanda. Agosti paa, gata na jukwaa la tangi. Septemba kisima. Familia iletwe tangi likiwa limeshafungwa na koki imejaribiwa, mvua za kwanza za vuli zikute gata iko tayari.