Kompyuta moja ina majina mawili: lipi ndilo jina lake?

Mwalimu wa Maabara
Habari zenu, ndugu. Ninasimamia maabara ya kompyuta ya shule yenye mashine za Windows, za Ubuntu na Mac moja, nami ninaorodhesha majina yake ili niitambue kila mashine inapojitokeza kwenye ruta. Katika Windows, amri ya hostname imenipa maabara-kompyuta-07, lakini echo %COMPUTERNAME% imenipa MAABARA-KOMPYUT, na mashine ya jirani yake imenipa jina hilohilo. Lipi ndilo la kweli? Na kwenye Ubuntu na Mac nitalipataje?

Fundi Mtandao
Shikamoo mwalimu. Yote mawili ni ya kweli. La kwanza ni jina la mashine katika DNS, mfumo wa majina ya mtandao. La pili ni la NetBIOS, utaratibu wa kompyuta kutambuana mtandaoni wa tangu mwaka 1983, unaotenga nafasi 16 tu kwa kila jina, na katika Windows nafasi ya mwisho hubeba alama ya aina ya huduma, kwa hiyo jina lenyewe hubaki na herufi 15. Namba zako zimekatwa kwa sababu ziko mwishoni, na mashine mbili zenye jina moja la NetBIOS zinaweza kugombana mtandaoni. Ningekushauri ufupishe majina kabla ya kuendelea na orodha.

Msomaji wa Pwani
Kwenye Ubuntu tumia hostname au hostnamectl. Jina limehifadhiwa katika faili la /etc/hostname. Ukilibadilisha, rekebisha pia /etc/hosts, la sivyo sudo, amri ya kufanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi, italalamika kwamba haiitambui mashine yake.

Mac ndiyo yenye mtego, kwa kuwa ina majina matatu: ComputerName, unaloliona katika mipangilio na linaloruhusu nafasi kati ya maneno, LocalHostName, linaloishia na .local kwenye mtandao wa ndani, na HostName, ambalo mara nyingi huwa halijawekwa, na hapo amri ya hostname inaweza kutoa jibu tofauti kulingana na mtandao uliounganishwa. Uliza kila moja peke yake, kwa mfano scutil --get LocalHostName.

Mwalimu wa Maabara
Marahaba, na ahsanteni nyote. Mashine ya 07 sasa inaitwa maabara-07, na baada ya kuiwasha upya amri zote mbili zinanipa jina moja, tofauti ikiwa ni herufi kubwa na ndogo tu. Kesho ninaendelea na nyingine.