Mashine ina dhana, au ina maneno tu?

Fundi Vekta: Wanaosema mashine haiwezi kuunda dhana watazame jaribio la Luc Steels, mtafiti wa akili mnemba, la 1999. Kamera mbili zinatazama ubao wenye maumbo ya rangi. Ya kwanza inachagua umbo, inatafuta sifa ya kulitenga na mengine: mahali, rangi, ukubwa. Kipimo cha sifa kinakatwa nusu, tuseme kushoto na kulia. Kisipotosha, nusu inakatwa tena. Neno likikosekana, inabuni silabi. Ya pili inalisikia neno, inakisia ni umbo lipi. Ikipatia, neno linaongezewa alama, visawe vinapunguziwa. Ikikosea, inaonyeshwa umbo lenyewe. Baada ya maelfu ya raundi wanakubaliana msamiati ambao hakuna aliyewafundisha.

Kichwangumu: Rangi na ukubwa nani aliwaambia ni vya kutazamwa? Steels huyo huyo. Na si ndiyo zile mashine za Facebook zilizobuni lugha zikazimwa kwa woga?

Fundi Vekta: Woga gani! Zile ni za 2017. Zilikuwa zinagawana vitabu, kofia na mipira, zikilipwa pointi kwa mgao tu, si kwa Kiingereza kinachoeleweka. Kurudiarudia neno hakukuwa na gharama, basi zikarudia. Dawa ni kuzibana zifuate mifano ya mazungumzo ya watu. Msituletee habari za vijiweni.

Bi Sarufi: Fundi, kabla hujawaka: umeanza "inachagua", ukamalizia "wanakubaliana". Mashine imehama ngeli njiani?

Fundi Vekta: Nimeeleza utaratibu mzima, wewe umeona kiambishi!

Mla Kamusi: Kiambishi ndicho kesi yenyewe. Kipofu ana ki-, lakini tunasema "kipofu amekuja". Uhai unashinda umbo. Ukisema "roboti amekosea" umeshahukumu.

Kichwangumu: Kwani trekta nalo tukilisifia litapata roho?

Pweza: Bi Sarufi asidharauliwe. Chukueni "kaa": wa ufukweni, la jikoni, na lile la kukaa kitako. word2vec ya 2013, programu ya kugeuza maneno kuwa namba, inayapa yote vekta moja, yaani orodha moja ya namba, inayovutwa na moto huku, na samaki kule. Mifumo ya transfoma, ile inayolisoma neno pamoja na wenzake, kuanzia 2017, inaijenga vekta upya kwa kila sentensi. "Kaa amejificha", "kaa limezimika": a- na li- zinatosha kuwatenga. Ila kikata-maneno, kile kinachoikatia mashine maandishi vipande, kikilikata "limezimika" vipande visivyofuata mofimu, tuseme "lime-zimi-ka", ile li- inamezwa na kipande kikubwa, na mfumo unahitaji mifano mingi zaidi kuigundua.

Bi Sarufi: Ahsante. Sasa mnaoandika roboti amekosea, limekosea, imekosea, zote ukurasa mmoja, mnailisha nini hiyo mashine?

Mla Kamusi: Pumba.

Kichwangumu: Rangi na ukubwa bado sijajibiwa.

Fundi Vekta: Zilikuwa sifa za kamera, bwana, kama jicho lako lilivyozaliwa nazo. Na Bi Sarufi, roboti iko I-ZI.

Bi Sarufi: Basi rekebisha "wanakubaliana".