Nyumba ya zamani Uhindini, Dodoma: ni ya 1908 au 1992?

FundiMagauni
Mbukwenyi wana Dodoma. Nimepanga fremu Uhindini, nashona magauni na sare za shule. Nyumba ni ile ya kizamani: duka mbele, baraza lenye nguzo, nyuma ua uliozungukwa na vyumba. Mwenye nyumba aliinunua kwa mtu ambaye naye aliinunua kwa mtu, zaidi ya hapo hajui. Wenye historia ni wateja wangu, na kila mmoja ana yake. Mmoja anasema palikuwa ghala la karanga, mwingine gesti, wa tatu anaapa kwamba Mjerumani alikuwa akifungia watu chumba cha nyuma. (Hapa mjini ukuta ukiwa mnene tu, tayari ni wa Mjerumani.)

Juzi fundi alibandua plasta juu ya mlango wa uani maana ilikuwa inatudondokea. Linta yake (ile boriti inayobeba ukuta juu ya mlango) si zege, ni kipande cha reli! Nimekisugua kwa msasa: herufi zimeliwa na kutu, ila mwaka unasomeka, 1908. Nikahamia kwa wale wa Mjerumani. Lakini ukuta wa mbele, juu kabisa, chini ya chokaa tabaka kwa tabaka, kuna maua ya saruji, na katikati yake herufi moja ya Kihindi yenye kitone juu, halafu 1992. Mwenye nyumba anasema huo ni mwaka wa ukarabati. Bibi anayeuza vitumbua hapo mbele anakataa katakata: yeye alihamia mtaa huu Nyerere yuko madarakani, na maua hayo aliyakuta.

Nataka kujua nani aliijenga na akina nani wamekaa humo. Hela ya wakili sina. Nianzie wapi?

KizotaBoy
Reli imefika Dodoma 1910. Sasa 1908 hicho chuma walikibeba kichwani? 😀

MstaafuMasijala
Binti yangu, nimekaa na majalada ya viwanja nusu ya maisha yangu, kwa hiyo nisikilize. Nyumba hufuatiliwa kuanzia leo kurudi nyuma. Ukianza na 1908 kuja mbele utapotea.

Mwombe mwenye nyumba risiti ya kodi ya pango la ardhi. Humo kuna namba ya kiwanja na kitalu. Bila hizo hakuna ofisi itakayokusaidia, hata ukiwapelekea picha ya nyumba nzima. Ukizipata, nenda ofisi ya ardhi, uombe sechi, yaani wakuangalizie kwenye daftari kiwanja kimeandikishwa kwa jina la nani.

Hapa Dodoma kuna kona inayowachanganya hata wanasheria wa mikoa mingine. Ardhi ya mji huu ilikuwa chini ya CDA, mamlaka ya ustawishaji wa makao makuu, iliyoundwa 1973 serikali ilipoamua kuhamia huku, na CDA ilikuwa ikiwapa watu mikataba ya miaka 33. Ilipovunjwa Mei 2017 shughuli zikaenda halmashauri, na watu wakaanza kubadilisha mikataba yao kuwa hati za miaka 99. Hati ya mwenye nyumba wako inaweza kuwa mpya kabisa ukadhani kiwanja kimezaliwa juzi. Usikubali kuishia hapo. Ulizia jalada la zamani, na likifunguliwa anza na karatasi za chini, maana karatasi mpya huwekwa juu ya nyingine.

Ukifika 1971, hapo tulia. Sheria ya mwaka ule ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Uhindini za miji yote nchini ziliguswa. Fidia ilipungua kwa kila mwezi wa umri wa jengo, na lililotimiza miaka 10 halikulipwa hata senti. Kwa hiyo mwaka wa kujengwa ulikuwa hela, na mwenye jengo jipya alikuwa na kila sababu ya kuuthibitisha kwa maandishi. Majengo yaliyochukuliwa yalitangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Mwaka 1990 kazi za Msajili zilihamia Shirika la Nyumba la Taifa, kwa hiyo kama nyumba yako ilipita huko, wao nao waulizwe. Kama haikuchukuliwa, hilo nalo linakuambia kitu: labda thamani ilikuwa ndogo, au tajiri alikuwa akiishi humo mwenyewe.

Kuhusu Mjerumani, Mwingereza aliuteka mji huu Julai 1916. Mali za Wajerumani zikawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui, na miaka ya 1920 zikauzwa. Wahindi walinunua nyingi. Karatasi ya msimamizi huyo ikiwemo kwenye mlolongo wa hati, wateja wako wana hoja. Isipokuwemo, na mtu wa kwanza ni mfanyabiashara aliyepewa kiwanja na Mwingereza, msahau Mjerumani. Majalada ya wakoloni wote wawili yanatunzwa Idara ya Nyaraka, Dar es Salaam.

MtotoWaJamatini
Dada Fundi, nimezaliwa hapo karibu na Jamatini, kwenye nyumba ya ibada ya Waismailia (Waislamu wa Aga Khan), sasa niko Leicester, Uingereza. Herufi yenye kitone ni ya Kigujarati, na ni kifupi cha Samvat. Hiyo ni kalenda ya wazee wetu, imeitangulia ya kawaida kwa miaka 56 au 57 kwa sababu mwaka wake huanza baada ya Diwali, sikukuu ya Wahindu ya Oktoba au Novemba. Samvat 1992 ilianza baada ya Diwali ya 1935 ikaisha Diwali ya 1936. Hakuna ukarabati hapo, ni mwaka wa nyumba, au angalau wa ule ukuta wa mbele. Kuna waliojenga duka la mabati kwanza, mambo yakiwanyookea wakaweka uso wa saruji na maua.

Usikimbilie kusema mjenzi alikuwa Mhindu. Wahindu na Wajaini ndio walioitumia zaidi, lakini hata Waismailia wa zamani waliandika Samvat kwenye vitabu vyao vya hesabu. Hebu futa chokaa kwa brashi laini na maji (msasa weka mbali kabisa!) uangalie kama kuna jina chini ya mwaka. Mara nyingi liliwekwa hapo. Ukinitumia picha nitakusomea.

FundiMagauni
Jamani! Kwa hiyo bibi wa vitumbua kashinda. Na reli je?

KarakanaYaReli
Reli hupigwa chapa kiwandani ya mwaka ilipotengenezwa. Hiyo yako imezaliwa Ulaya 1908, ikaja na meli, ikatandikwa, treni zikapita juu yake miaka na miaka, ikachakaa, ikang'olewa. Vipande kama hivyo vilikuwa vikiuzwa kama chuma chakavu, na mafundi waliviwania kwa sababu linta ya reli haipindi. Angalia kichwa chake: kikiwa kimeliwa upande mmoja, kimefanya kazi njiani kabla ya kuingia ukutani kwenu. Inakuambia tu kwamba mlango huo haukujengwa kabla ya 1908, basi.

FundiMagauni
Upande mmoja umeliwa kweli, nimetoka kupitisha kidole sasa hivi. Risiti ya pango nayo nimeipata, kitalu na kiwanja vinasomeka. Mzee wangu, shikamoo, mpangaji anaruhusiwa kufanya sechi?

MstaafuMasijala
Marahaba. Sechi anafanya yeyote anayelipa ada. Jalada ndilo lina masharti, kwa hilo nenda na barua ya mwenye nyumba. Na mweleze mapema unachotafuta, tena kwa kituo, maana kwa bei za viwanja za Dodoma ya leo, mpangaji akianza kuulizia hati mwenye nyumba hapati usingizi.