Kikundi cha ukoo: Rehema na bei ya damu ya kitovu

*Rehema:* Shikamooni wakubwa wote. Yule wakala wa kuhifadhi damu ya kitovu, ile inayobaki kwenye kitovu na kondo mtoto akizaliwa, ametuma bei. Dola 1,500 za kuanzia, halafu dola 120 kila mwaka kwa miaka 20. Maabara yao iko nje ya nchi. Baba Yasini anataka tulipe hela ya korosho ikiingia, maana wakala kasema damu ya mtoto huyu itamponya mwanetu Yasini ugonjwa wa selimundu. Mimba ina wiki 31. Mnasemaje?

*Mjomba Selemani:* Marahaba mwanangu. Ya miaka 20 ni dola 2,400, weka na za kuanzia, 3,900. Dola ikiwa 2,500 hiyo ni milioni 9 na laki 7 na nusu. Sisi mnadani tunalipwa shilingi, wao wanadai dola. Bei ya korosho ikianguka deni liko palepale. Mkataba unasemaje ukichelewa mwaka mmoja?

*Rehema:* Siku 90 zikipita sampuli inakuwa mali ya kampuni.

*Mjomba Selemani:* Haya sasa.

*Kaka Bakari maabara:* Mjomba, kabla ya hela tuangalie damu yenyewe. Seli shina za kitovu, yaani seli zinazozaa chembe za damu, haziwezi kumtibu selimundu mtoto huyohuyo aliyezitoa. Akizaliwa nayo, kasoro iko ndani ya seli zake zote. Kwa Yasini ni habari nyingine, mtoaji ni ndugu. Upandikizaji wa kwanza wa damu ya kitovu ulikuwa hivyohivyo: Paris, 1988, timu ya Eliane Gluckman, mtoto mwenye anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi wa damu, alipewa damu ya mdogo wake. Kwa hiyo wakala hajatunga. Karuka hesabu tu.

*Baba Yasini:* Hesabu ipi shemeji?

*Kaka Bakari maabara:* Wewe na Rehema wote AS, mmebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuumwa. Kila mimba, nafasi 1 kati ya 4 mtoto kuwa SS, yaani mgonjwa, huyo hafai kutoa. AS anafaa, AA asiye na kinasaba hicho anafaa. Halafu lazima HLA, alama za seli ambazo mwili unatambulia kilicho chake, zifanane na za Yasini, hapo napo ni 1 kati ya 4 kwa ndugu wa baba na mama mmoja. Vitu hivi viwili vinarithiwa kila kimoja kivyake, kwa hiyo unazidisha: robo tatu mara robo. Inakuja 3 kati ya 16.

*Baba Yasini:* 3 si sifuri.

*Kaka Bakari maabara:* Si sifuri, kweli. Lakini mtoto akiwa miongoni mwa hao 3, uloto wake, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, hautupwi pamoja na kondo. Anakua nao. Akishapata kilo za kutosha wanauchota kwenye mfupa wa nyonga, akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Kwa selimundu, uloto wa ndugu ndio unaotumika zaidi. Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma wanapandikizia watoto uloto. Hili wakala hawezi kukuambia, biashara yake ingeisha hapohapo.

*Mama mdogo Hadija:* Bakari kamaliza ya maabara, mimi niseme ya leba. Damu inachukuliwa mtoto akishatoka na kitovu kikishakatwa. Mkunga anafuta kitovu kwa dawa, anachoma sindano kwenye mshipa mkubwa wa kitovu, mfuko unawekwa chini ya usawa wa kondo ili damu ishuke yenyewe. Dakika tano hivi. Mfuko una dawa ya kuzuia damu isigande, kwa hiyo ni lazima uutikisetikise polepole muda wote. Ukiuacha umelala mezani, damu inafanya mabonge na kazi imeishia hapo. Kitovu kisipofutwa vizuri bakteria wanaingia, na hilo utalijua wiki kadhaa baadaye kwenye majibu.

*Mama mdogo Hadija:* Na WHO wanataka kitovu kisubiriwe dakika 1 mpaka 3 kabla ya kubanwa, mtoto apate madini ya chuma. Ukisubiri, damu ya kwenye mfuko inapungua. Wakala akikwambia mkunga abane haraka, mkatalie! Damu ile ni ya mtoto kwanza. Mama akianza kutoka damu nyingi, au mtoto akizaliwa amechoka, mfuko hakuna wa kuushika tena.

*Rehema:* Kwani inahitajika kiasi gani mama mdogo?

*Kaka Bakari maabara:* Nijibu mimi. Kipimo ni angalau seli milioni 25 kwa kila kilo ya mgonjwa. Yasini kilo 20, anahitaji milioni 500. Mililita moja ina kama milioni 10, kwa hiyo mililita 50 zinagusa mpaka kabla hata ya kuchakatwa, na wakichakata zinapungua, wakigandisha na kuyeyusha zinapungua tena. Kupata mililita 40 ni kawaida sana. Yasini akifika kilo 40 anataka bilioni moja nzima. Yule mtu mzima anayeambiwa "ni bima ya maisha yako yote", mfuko mmoja mara nyingi haumtoshi.

*Mjomba Selemani:* Na usafiri? Kutoka Mtwara mpaka huko kwao?

*Kaka Bakari maabara:* Hapo ndipo penye kazi. Damu hiyo haiwekwi kwenye barafu wala friji, inasafiri kwenye nyuzi 15 mpaka 25. Kugandisha ni huko maabara, kwenye nitrojeni kimiminika, chini ya nyuzi 150 hasi. Inatakiwa ianze kuchakatwa ndani ya saa 48. Kampuni nyingi zinaandika 72, ila seli hai zinapungua kadiri saa zinavyokwenda. Sasa Rehema ajifungue Ijumaa usiku hapa Mtwara, hospitali ya Ligula au ya Mitengo. Ndege ya Dar ni kesho yake kama ipo, Dar sanduku lisubiri ndege ya nje, lifike Jumapili maabara imefungwa. Kwa basi ni kilomita zaidi ya 500, na buti la basi mwezi wa kumi na moja mnalijua joto lake.

*Baba Yasini:* Wakala anasema sanduku ni maalumu.

*Kaka Bakari maabara:* Muulize kama lina kirekodi joto ndani, na kama majibu utapewa kwa maandishi: ujazo, idadi ya seli, CD34 (hesabu ya seli shina zenyewe), asilimia ya seli hai, bakteria. Muulize nani anaomba kibali cha kutoa sampuli nchini. Muulize ithibati ni ya AABB au FACT, mashirika yanayokagua benki za damu ya kitovu. Na seli zikiwa chache, dola 1,500 zinarudi?

*Mjomba Selemani:* Ongeza na hili, kampuni ikifunga inakuwaje. Cryo-Save ya Uswisi ilisimama 2019, sampuli za watu zikahamishiwa Poland. Miaka 20 ni mingi.

*Dada Somoe:* Jamani na ile wanayosema kwamba damu ya kitovu inatibu usonji?

*Kaka Bakari maabara:* Bado ni utafiti. Isiwe sababu ya kutoa hata mia.

*Baba Yasini:* Sawa shemeji. Basi hela tufanyie nini?

*Mama mdogo Hadija:* Mtoto akizaliwa apimwe selimundu mapema, tone la kisigino linatosha. Akiwa SS, anaanza penisilini V ya kuzuia maambukizi akiwa na miezi 2, miligramu 125 mara mbili kwa siku, na akifika miaka 3 ni 250 mpaka miaka 5. Yasini kama hajaanza haidroksiurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu, uliza kliniki, inaruhusiwa tangu miezi 9. Na apimwe mishipa ya kichwa kwa doppler, kipimo hicho ndicho kinachoonyesha nani yuko karibu na kiharusi.

*Kaka Bakari maabara:* Kisha HLA. Daktari wa selimundu awaandikie rufaa, apimwe Yasini, na mdogo wake akishazaliwa. Wakifanana mnaanza safari ya Dodoma mkiwa na majibu mkononi.

*Rehema:* Fatuma je? Ana miaka 4 na ni AS, hajawahi kupimwa hiyo HLA.

*Kaka Bakari maabara:* Kumbe Fatuma yupo! Nafasi yake ni robo nzima, na haihitaji leba wala sanduku. Mpelekeni yeye kwanza.

*Baba Yasini:* Wakala amepiga tena sasa hivi, anasema punguzo linaisha Ijumaa.

*Mjomba Selemani:* Mwambie atume mkataba wote, si karatasi ya bei. Ukifika uutume humu, na usisaini.