Joseph Anderson wa Tredegar: aliwapa watumwa ujuzi, au aliwapandisha bei tu?

Wakuu, kuna hoja inayorudi kila tukigusa historia ya viwanda vya Marekani: kwamba Joseph Reid Anderson, mwenye kiwanda cha chuma cha Tredegar mjini Richmond, Virginia, aliwatangulia wenzake kwa sababu aliwaweka watu weusi kwenye ufundi ambao wazungu waliutaka uwe wao peke yao. Naipinga hoja hiyo, na anayeitetea namkaribisha.

Alizaliwa 1813 hukohuko Virginia, akamaliza chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1836. Aliingia Tredegar 1841 kama wakala wa biashara, na kufikia 1848 kiwanda kilikuwa mali yake. Kutafuta wateja alijua, hilo simnyimi. Hata jeshi la majini la Marekani lilinunua mizinga kwake.

Lakini tuje kwenye tanuri, maana ndiko ugomvi ulikoanzia. Chuma cha kwanza kutoka kwenye uyeyushaji kilikuwa kigumu lakini kinavunjika kama kigae. Ili kiweze kufuliwa, kilirudishwa motoni, na fundi akasimama mbele ya mdomo wa tanuri na ufito mrefu wa chuma, akikoroga mpaka kaboni iungue na chuma kianze kushikana mabonge. Hakukuwa na kipimo cha kumwambia tayari. Alitazama rangi ya moto, akasikia uzito mkononi. Kumpata fundi wa namna hiyo ilikuwa taabu, na aliyepatikana alijua thamani yake.

Mei 1847 mafundi wazungu waliweka zana chini, wakidai watumwa waondolewe kwenye matanuri hayo. Anderson hakubembeleza mtu. Aliwahesabu kuwa wamejifukuza wenyewe, akawataka watoke kwenye nyumba za kampuni, na matanuri akayaendesha kwa watumwa.

Hapo watetezi wake husema: mnaona, alivunja ubaguzi! Jamani, someni tena. Wale wagomaji hawakupigania uhuru wa mtu mweusi. Walilinda riziki yao, na sitawapamba. Ila Anderson naye alichotaka ni fundi asiyeweza kugoma wala kuhamia kwa mwajiri mwingine, ili gharama zishuke na aweze kushindana na viwanda vya Kaskazini.

Tazameni fedha ilikopita. Watumwa wengi wa viwandani Richmond walikuwa wa kukodiwa. Mkataba ulianza Januari ukaisha Krismasi, na waliokubaliana ni wawili tu, mwenye kiwanda na mwenye mtumwa. Kodi ya mwaka aliipokea bwana. Kwa hiyo mtumwa akishajua kusoma rangi ya moto, kilichopanda ni bei yake. Ujuzi ulikuwa kichwani mwake, faida ikaingia mfukoni mwa mwingine. Ni kweli wapo waliolipwa kidogo kwa kazi ya ziada, na najua mtanikumbusha. Lakini ile ziada ilihesabiwa baada ya kazi ya lazima, na kazi ya lazima ilikuwa ya bure.

Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kuanzia 1861 Tredegar ikawa tegemeo la majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani ili kuulinda utumwa: mizinga takriban 1,100, na mabamba ya chuma yaliyoivika meli ya kivita CSS Virginia. Anderson mwenyewe alikuwa brigedia jenerali, akajeruhiwa Juni 1862, na mwezi uliofuata akaacha jeshi akarudi kiwandani, kwa kuwa mizinga yake ilihitajika kuliko upanga wake. Watumwa walikuwa humo, wakitoa jasho kwenye silaha za kulinda utumwa wao wenyewe. Nikifika hapa huwa nafunga kitabu kwanza.

Aprili 1865 sehemu kubwa ya katikati ya Richmond iliteketea, lakini walinzi wenye silaha wa Anderson walikiokoa kiwanda. Mwaka huohuo Rais Andrew Johnson alimpa msamaha, akaendelea na biashara, akafariki 1892. Waliofanyishwa kazi utumwani hawakupata fidia ya hata mwaka mmoja.

Leo mahali pale pana makumbusho ya ile vita, na jengo lake jipya lilifunguliwa 2019. Sitaki jina la Anderson lifutwe. Likifutwa, na mgomo wa 1847 utasahaulika. Ninachokataa ni kumwita mkombozi wa fundi mweusi. Na wale mnaosema "wakati ule kila mtu alifanya hivyo", mnijibu hili: Pennsylvania, jimbo la Kaskazini, ilikuwa inafua chuma kingi kuliko Virginia miaka hiyohiyo, kwa mafundi wa mshahara. Anderson aliwafahamu washindani wake hao vizuri. Je, hakuwa na njia nyingine, au aliiona akaikataa?