Kukoroma na kusinzia kwenye usukani: ni uchovu tu?

mkaazi_umoja: Dereva wa matatu analala masaa saba, lakini foleni ya Jogoo Road ikisimama tu, anasinzia. Mkewe anasema anakoroma, ananyamaza ghafla, kisha anashtuka kama aliyekabwa. Ni uchovu au apnia, yaani pumzi kukatika usingizini?

daktari_wa_koo: Huo ukimya ndio wa kuogopa. Koo hulegea, njia ya hewa inaziba, oksijeni inashuka, ubongo unamshtua bila yeye kujua. Kila pumzi inayokatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa. Mara 5 hadi 14 kwa saa ni hali nyepesi, kuanzia 30 ni kali. Mkewe amrekodi kwa simu, kisha ampime shingo kwa utepe wa fundi cherehani: ikizidi sentimita 40, shaka inaongezeka. Apelekwe kupimwa usingizi, na kabla ya hapo asishike usukani.

sista_zamu: Apimwe presha pia, mara nyingi huandamana na apnia. Pombe ya jioni na dawa za usingizi aache, hulegeza koo zaidi. Alale ubavu, mpira wa tenisi ukishonwa mgongoni mwa fulana, hatajigeuza chali.

fundi_mashine: Akipewa mashine ya CPAP, ile inayopuliza hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe, wengi huiacha kwa sababu barakoa inavuja. Mikanda irekebishwe akiwa amelala na mashine inapuliza, maana akiketi uso hukaa tofauti. Asikaze kupita kiasi, atachubuka pua. Stima ikipotea (na Nairobi inapotea!), avue barakoa.

mkaazi_umoja: Asanteni. Utepe upo, tunaanza na shingo leo.